Vyombo vya Watu

Lilikuwa la kituo cha karafuu, hapa Wete.
Walipoletewa mapya, hili wakalitia stoo
juu ya magunia matupu, miaka sita.
Nililipata kwa elfu kumi na tano
nikalifunga mpira nyuma ya baiskeli
nikaenda nalo polepole, kama nampeleka mgonjwa.

Nilipofungua ubavu, vumbi likanuka msimu.
Makonyo mawili yamekwama kwenye feni.
Nikapuliza, nikapangusa kwa brashi ya rangi ya Asaa,
nikalitia kijiti cha kumbukumbu cha marehemu mwenziwe
na kadi ya pili ya waya:
moja itazame barazani, kwa walimwengu,
moja itazame uani.
Kati yao nikaandika sheria, usiku mzima:
wa ndani akitaka kutoka, atoke;
wa nje asiyeitwa, apige hodi mpaka achoke.

"Na hili lafanya kazi gani?" mama akauliza.
Tutanunua bando moja, nikamwambia, hili ligawe.
Akacheka mpaka ukaya ukamdondoka.
"Kugawa wanifundisha mie?
Mie niliyegawa changu mmoja kwa watu tisa
na kichwa kikabaki, cha mgeni?"

Nikakaa na kile kichwa cha mgeni.
Asaa nikampunguzia mpira wake wa usiku
ili Zuwena apate masomo yake ya ukunga,
na kilichobaki nikakipitisha juu ya kiambaza
kwa majirani, bila neno la siri.
Ila kila aingiaye
kwanza aone ukurasa wa nyumba.

Sikuwa na la kuandika. Niliandika *Karibuni*,
likakaa pale kama kiti kimoja arusini.
"Andika vyombo vyangu," mama akasema,
anachagua mchele, hakuinua kichwa:

*Sinia kubwa la maua: Bi Mkasi, tangu arusi ya Raya.*
*Mbuzi, jino jipya: kwa kina Shaame.*
*Sufuria ya pishi nne: ilitoka na msiba, haijulikani.*
*Kawa mbili. Mwenyewe anajijua.*

Usiku ule mtaa ulitaka habari,
ulitaka sura za watoto walioko Maskati,
na mtaa mzima ukapita kwanza jikoni kwetu.
Nilikuwa gizani, natazama daftari la seva likijiandika:
saa mbili na dakika kumi, simu;
na kumi na moja, simu;
mmoja akarudi ukurasa ule ule mara saba
asiende popote.

Alfajiri sinia liko barazani, limesuguliwa kwa majivu.
Mbuzi ilikuja adhuhuri na nazi mbili juu yake.
Kawa zilirudi tatu.
Bi Mkasi alipita siku nne hasalimu,
ya tano akaja kuuliza
kwa nini simu yake inazunguka tu.

Mama alifurahi, kisha akanyamaza.
"Sasa andika vya watu."
Vipi?
"Vilivyo kwetu. Kinu kile cha Bi Time."

Bi Time alikufa mwaka ule
karafuu zilipoanikwa mpaka barabarani.
Wanawe wako Unguja. Sidhani wanajua
kama mama yao alikuwa na kinu.
Nikaandika.

Umeme wetu watoka Tanga, chini ya bahari;
ukikatika, nyumba nzima husikia feni
ikipunguza, ikipunguza.
Ukirudi linaamka lenyewe,
linahesabu viungo vyake,
linafungua milango yake miwili.

Mistari imebaki miwili: sufuria ya msiba, na kinu.
Nilitaka kuifuta, mama kakataa.

Juzi iliingia simu nisiyoijua.
Ikasoma, ikatoka.
Nilimwambia mama. Hakusema kitu.
Alikwenda pembeni, akautoa mchi,
akakifuta kinu vumbi.